Kwenda Kusoma Korea: Swali la Kwenda Nalo na Meza ya Kurudia

Wahenga walinena kwamba aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo ya mabaharia wa pwani yawafaa sana wote wanaohusika na kazi ya kuwapeleka vijana kusoma katika nchi za ng'ambo. Kijana aendapo, huagwa kwa shangwe. Ndugu humsindikiza hadi kiwanja cha ndege, hupewa nasaha na kupigwa picha. Jambo ambalo halifikiriwi sana ni ngama yenyewe, yaani mahali atakaporudi, na kazi atakayoikuta ikimngojea.

Miongoni mwa nchi zinazowavuta vijana wa sayansi siku hizi ni Jamhuri ya Korea, na miongoni mwa vyuo vyake kinachotajwa sana ni Taasisi ya Juu ya Sayansi na Teknolojia ya Korea, ijulikanayo duniani kwa herufi za KAIST, katika mji wa Daejeon. Mwanafunzi ambaye chuo chake kina mkataba na taasisi hiyo aweza kwenda huko kwa muhula mmoja au miwili kama mwanafunzi wa kubadilishana, bila kulipa ada ya masomo ugenini. Ni nafasi njema. Lakini wema wake hautokani na jina la chuo, wala na karatasi ya alama atakayorudi nayo mwanafunzi. Unategemea mambo mawili yaliyo mikononi mwa chuo kinachompeleka: swali analopewa aende nalo, na meza ya kazi atakayoikuta akirudi. Pasipo mambo hayo, safari hubaki kuwa matembezi. Ushahidi wa madai haya hauko mbali. Umo katika historia ya KAIST yenyewe.

Chuo kilichozaliwa na tatizo la vijana wasiorudi

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Korea ya Kusini ilikuwa nchi maskini iliyotoka vitani karibuni. Vita vya 1950 hadi 1953 vilikuwa vimebomoa viwanda na miji. Vijana wake hodari walikwenda Marekani kusoma, na wengi wao hawakurudi. Kwa macho ya serikali yao, hiyo ilikuwa hasara maradufu: nchi ilipoteza gharama ya kuwalea na kuwasomesha, kisha ikapoteza na ujuzi wao.

Jibu la kwanza lilikuwa kuwaita waliokwisha kuondoka. Mwaka 1966 iliundwa taasisi ya utafiti ya KIST mjini Seoul, na mkuu wake wa kwanza, Choi Hyung-sup, alisafiri mwenyewe kuwatafuta Wakorea waliokuwa katika maabara za ng'ambo. Hakuwaendea kwa maneno matupu ya uzalendo. Aliwaahidi nyumba, vyombo vya kazi, na mishahara iliyozidi sana ile ya maprofesa wa vyuo vya serikali. Zaidi ya hayo, aliwaahidi kazi yenye maana, kwani taasisi hiyo ilifanya utafiti ulioagizwa na viwanda vyenyewe.

Jibu la pili lilikuwa kuwasomesha vijana nyumbani kwa kiwango kilekile walichokifuata ng'ambo. Mwaka 1970 jopo la wataalamu lililoongozwa na Frederick Terman, aliyekuwa kiongozi katika Chuo Kikuu cha Stanford, lilichunguza jambo hilo na kuunga mkono kuanzishwa kwa taasisi mpya ya masomo ya juu. Serikali ya Marekani ilitoa mkopo wa dola milioni 6, na mwaka 1971 taasisi hiyo ikazaliwa mjini Seoul. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1973.

Yafaa kuangalia jinsi ilivyopangwa. Kwanza, iliwekwa chini ya wizara ya sayansi na teknolojia, si chini ya wizara ya elimu, ili isifungwe na kanuni za vyuo vya zamani. Pili, mwanafunzi hakulipa ada, alipewa malazi, na alipata posho ya kujikimu. Tatu, vijana wa kiume walipewa nafuu kubwa katika utumishi wa jeshi, ambao kwa kijana wa Korea ulikuwa mzigo wa karibu miaka mitatu. Badala yake waliwajibika kufanya kazi ya ufundi au utafiti nchini kwa muda uliowekwa. Hivyo kijana hakuhubiriwa tu kwamba abaki nyumbani. Aliwekewa sababu za kubaki. Mwaka 1981 taasisi hiyo iliunganishwa na KIST na kupata jina la KAIST. Mwaka 1989 ilitenganishwa tena, ikahamia Daejeon katika mji wa sayansi wa Daedeok, ambao ulianza kujengwa katika miaka ya 1970. Leo ina wanafunzi zaidi ya 10,000, na wageni kutoka kila bara wamo miongoni mwao.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeingia katika lango la chuo hicho anaingia mahali palipojengwa makusudi ili kutibu ugonjwa uleule unaozisumbua nchi nyingi za Afrika. Ni ajabu akirudi kwao amejifunza kila kitu isipokuwa tiba hiyo.

Nyota iliyoanzia Uingereza

Mfano ulio wazi kuliko yote wahusu setilaiti. Mwaka 1989 KAIST iliunda kituo cha utafiti wa setilaiti chini ya uongozi wa Profesa Choi Soon-dal. Wakati huo Korea haikuwa na setilaiti hata moja, wala hapakuwa na mtu nchini aliyewahi kuunda moja. Kituo kilifanya nini? Kilichagua kikundi kidogo cha wanafunzi wake na kuwapeleka katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ambako wataalamu walikuwa hodari wa kuunda setilaiti ndogo kwa gharama nafuu. Wanafunzi hao walisoma darasani kama wenzao, lakini walikuwa na jambo moja lililowatofautisha na wanafunzi wengi wa kigeni: tangu siku ya kwanza walijua kwamba walikuwa wanajifunza ili waunde setilaiti, na kwamba kituo kilikuwa kinawangoja Daejeon.

Setilaiti hiyo, KITSAT-1, yenye uzito wa yapata kilo 50, ilirushwa Agosti 1992 kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Kwa Kikorea iliitwa Uribyol, yaani Nyota Yetu. Baadhi ya Wakorea walinung'unika, wakisema kuwa kitu kilichoundwa Uingereza kwa mfano wa Kiingereza hakistahili jina hilo. Manung'uniko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na majibu yake yalitolewa kwa vitendo. Wanafunzi walirudi nyumbani, na Septemba 1993 ikarushwa KITSAT-2, iliyoundwa Daejeon kwa mikono yao. Mei 1999 ikafuata KITSAT-3, yenye uzito wa yapata kilo 110, ambayo safari hii hata mchoro ulikuwa wao wenyewe, si wa mwalimu. Kunakili, kisha kutengeneza peke yao, kisha kubuni: hatua tatu katika muda wa miaka saba hivi.

Mambo hayakuishia hapo. Baadhi ya wahandisi hao walianzisha kampuni yao mjini Daejeon, Satrec Initiative, na kampuni hiyo ikapata wateja wa nchi za nje. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipotaka setilaiti, haukununua chombo tu. Uliwatuma wahandisi wake vijana kwenda Daejeon kufanya kazi bega kwa bega na Wakorea. DubaiSat-1 ikarushwa mwaka 2009, DubaiSat-2 mwaka 2013, na mwaka 2018 KhalifaSat, iliyokamilishwa Dubai na wahandisi wa Kiarabu wenyewe. Hivyo wanafunzi wa jana wakawa walimu wa leo, na elimu iliyotoka Surrey ikapita Daejeon hadi ikafika Ghuba.

Yapo mafunzo mawili katika habari hii. La kwanza ni kwamba wanafunzi hao hawakuchaguliwa ili watuzwe kwa alama zao. Walichaguliwa ili wafanye kazi iliyokwisha kutajwa. La pili ni kwamba idadi yao ilikuwa ndogo. Kijana mmoja anayerudi peke yake humezwa na mazoea anayoyakuta. Vijana wachache wanaorudi kwenye chumba kimoja, wakiwa na kazi moja, waweza kuyabadili mazoea hayo.

Kinachobebeka na kisichobebeka

Wapo wanaosema kwamba hakuna faida kumpeleka mwanafunzi katika maabara yenye mitambo ya mamilioni ya dola, kwani akirudi hataikuta, na moyo wake utavunjika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba mitambo haibebeki mkobani. Lakini yapo mengine yanayobebeka.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme kutoka Dar es Salaam, ambaye mwalimu wake amempa swali hili: kwa nini betri za umeme wa jua katika zahanati za vijijini hufa mapema? Swali ni dogo kwa maneno, lakini kubwa kwa matokeo. Chanjo nyingi hapana budi zihifadhiwe katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na betri inapokufa jokofu huzimika. Sehemu ya jibu yajulikana vitabuni. Betri za risasi na asidi hupendelea joto la nyuzi 25 hivi, na kwa kadiri ya makisio ya wahandisi, kila joto linapozidi hapo kwa nyuzi 10 maisha ya betri hupungua kwa karibu nusu. Aidha, betri inayoachwa bila kujazwa barabara hufanya ukoko wa salfeti katika mabamba yake, na ukoko huo huiua polepole. Lakini katika zahanati fulani, ni joto au ni ukoko unaotangulia kuua? Vitabu havijui, kwani havijafika zahanati hiyo.

Mwanafunzi huyo akifika Daejeon na swali lake, kila somo atalisikia kwa sikio jingine. Akiomba mapema na kukubaliwa na profesa, aweza kushiriki kazi ya maabara, akaona jinsi betri inavyopimwa ndani ya kabati la joto na jinsi hali yake ya ndani inavyosomwa kwa mkondo wa umeme bila kuifungua. Kisha atauliza swali la pili, lililo muhimu zaidi: ni kipimo gani rahisi, cha voltimita na kipimajoto, kinachoweza kutoa habari ileile kwa kiasi cha kutosha? Mtambo mkubwa hapo umefanya kazi yake. Umemfundisha kukiamini kipimo kidogo, na kujua mahali kinapokosea. Ujuzi huo wabebeka. Mwenziwe aliyekwenda bila swali atastaajabia kabati la joto, atapiga picha, na atarudi na picha.

Mazoea ya kazi nayo hubebeka. Katika maabara za Korea, kila mmoja huwa na meza yake, na kikundi hukutana kwa kawaida mara moja kwa wiki, kila mtu aeleze alichofanya na kilichomshinda. Kuandika kila kipimo, hata kile kilichoharibika. Kumwachia mwenzio chombo katika hali njema. Kuwaeleza wengine kosa lako kabla hawajaligundua: mambo haya hayahitaji mkopo wa benki.

Kuna na jambo la adabu. Mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki ataona mengi yanayofanana na ya kwao. Mkorea humpa na kupokea kitu kutoka kwa mkubwa kwa mikono miwili, humwinamia mzee, na katika maabara aliyetangulia, aitwaye seonbae, humfunza aliyefuata na kumwangalia kama mdogo wake. Aliyelelewa katika shikamoo na marahaba hatapata taabu hapo. Masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo ya maabara na ya mezani ni ya Kikorea. Kwa bahati njema herufi za Kikorea ni 24 tu, za mwandiko uliotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446 kwa kusudi la kuwawezesha watu wa kawaida kusoma, na mwenye bidii huzijua katika siku chache. Asiyefanya juhudi hiyo atakuwa mgeni wa mlangoni mpaka muhula wake uishe.

Yasiyofaa kuigwa

Haifai, hata hivyo, kuisifu nchi ngeni bila kipimo. Uchungu wa mashindano katika elimu ya Korea ni mkubwa. Chini ya utaratibu mmoja wa KAIST, mwanafunzi aliyepata wastani wa chini ya 3.0 kati ya 4.3 alitakiwa kulipa ada ambayo wenzake hawakuilipa. Kati ya Januari na Aprili 2011 wanafunzi wanne wa taasisi hiyo walijiua, na profesa mmoja pia. Vifo vya namna hiyo havina sababu moja, na si haki kuvielezea kwa urahisi. Lakini wanafunzi na taifa zima walisimama na kuuliza kama elimu ya sayansi yapaswa kuendeshwa kwa hofu, na utaratibu huo wa ada ukalegezwa.

Kadhalika, heshima kwa aliyetangulia ina upande wake wa pili. Mdogo aliyezoea kuitikia huona haya kumwambia mkubwa kwamba hesabu yake ina kosa. Tatizo hilo lipo Korea, na lipo Afrika Mashariki. Mwanafunzi anayekwenda huko na adue mema na mabaya, ayapime, na arudi na yaliyo mema.

Wajibu wa chuo kinachompeleka

Yote yaliyosemwa yaelekea mahali pamoja. Kazi kubwa ya kubadilishana wanafunzi haifanyiki Daejeon. Hufanyika nyumbani, kabla ya safari na baada yake.

Kabla ya safari, swali liandikwe. Karatasi moja yatosha, yenye sahihi ya mwanafunzi na ya mwalimu atakayempokea tena. Pamoja na hilo, masomo atakayoyachukua ugenini yakubaliwe na idara yake mapema. Mihula haiwiani: muhula wa masika wa Korea huanza mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi na kwisha Juni, na ule wa vuli huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha Desemba, ilhali mwaka wa masomo wa Tanzania huanza Oktoba au Novemba. Mwanafunzi aliyeondoka bila makubaliano aweza kurudi na alama nzuri ambazo hakuna anayezitambua, akarudia mwaka mzima. Huko ni kumwadhibu mtu kwa kujifunza.

Tena, gharama zitazamwe kwa haki. Kusamehewa ada si kusamehewa gharama. Nauli, bweni, chakula, viza na bima ya afya, ambayo tangu Machi 2021 ni lazima kwa wanafunzi wa kigeni nchini Korea, humwangukia mwanafunzi. Chuo kinachosema kwamba nafasi ni wazi kwa wote, kisha kikaacha gharama hizo kwa wazazi, kimewachagulia watoto wa wenye nacho. Vipaji havigawanywi kwa kufuata mifuko.

Baada ya safari, meza iwepo. Haina haja ya kuwa meza ya fahari. Mwanafunzi wa betri aliyetajwa hapo juu ahitaji kona ya maabara, voltimita chache, ruhusa ya kwenda katika zahanati, na saa moja kila wiki ya kuwaeleza wenzake. Hicho ndicho alichokuwa nacho Mkorea aliyerudi kutoka Surrey, kwa kipimo kikubwa zaidi. Serikali nazo zina sehemu yao. Korea hutumia karibu asilimia 5 ya pato lake kwa utafiti. Nchi za Umoja wa Afrika zilijiwekea lengo la asilimia 1, na nyingi bado hazijalifikia. Meza hazitoki mbinguni.

Fundisho hili lapata uzito zaidi kwa kuwa Korea yenyewe imekaribia. Katika mji wa teknolojia wa Konza, nchini Kenya, umeanzishwa mradi wa taasisi ya sayansi na teknolojia kwa mfano wa KAIST, kwa mkopo wa Korea wa yapata dola milioni 95. Mkopo hujenga kuta na kununua mitambo, kama ule wa dola milioni 6 ulivyofanya mjini Seoul. Lakini kilichoifanya taasisi ya Seoul isimame hakikuwa mkopo. Ni ile mipango iliyompa kijana sababu ya kubaki, na kazi iliyomngoja aliyerudi.

Na neno kubadilishana lichukuliwe kwa maana yake. Kiswahili hufundishwa Korea, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Mafunzo ya Kigeni. Wapo basi Wakorea walio tayari kuja. Bonde la Ufa, magonjwa ya nchi za joto, na umeme wa jua katika vijiji vilivyo mbali ni maabara ambazo Daejeon haina. Anayepokea tu ni mwanafunzi siku zote. Anayepokea na kutoa ni mwenzi.

Basi kijana na aende, aione theluji ya Daejeon, na ajifunze kwa bidii. Ila siku atakapoagwa, na mwalimu wake awepo kati ya wanaomsindikiza, na amwulize mambo mawili tu: swali lako ni lipi, na ukirudi utaketi wapi? Majibu yakikosekana, mwenye kosa si kijana.